Mgongo wa Wembe wa Babu

Manundu, Korogwe
4 Machi 2024

Mume wangu Babu Sadala,

Shikamoo. Natumai kifua kimepoa na unakula vizuri. Sisi huku wazima, ila tumbo linanitangulia kila ninakokwenda. Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Mimi naongea, wewe unauliza "Nani?" mpaka salio linakwisha.

Segera nimefika kama ulivyonituma. Yordani, yule muuza vikorokoro, anazo nyembe za kukunja za zamani. Nimekuchagulia mmoja unaong'aa mpaka najiona ndani yake. Umo humu kwenye kifurushi. Ufufue kwa kinoo, maana arobaini ya mwanangu utamnyoa wewe, kama ulivyotunyoa sote. Adamu, baba mtoto, anataka tutumie wembe wa dukani. Bado anaikumbuka damu ya mtoto wa dada Mwaija siku ulipomnyoa. Nimemwambia kichwa cha mwanangu kina mwenyewe, na mwenyewe yuko Handeni.

Mkeo mdogo,
Mjukuu wako Shamsia


Handeni
15 Machi 2024

Mke wangu,

Marahaba. Kifua kimeniachia, sasa meno ndiyo yanayoniaga. Wewe na huyo aliye tumboni mnaendeleaje? Usibebe ndoo.

Wembe wako umenichekesha mpaka mbuzi wa jirani Mdoe wamekimbia. Yordani ameupiga msasa ukawa kama bwana harusi, nawe ukaupenda sura! Mama, wembe hautazamwi uso, unatazamwa mgongo. Ukinolewa, mgongo na makali hulala pamoja kwenye kinoo, basi huliwa pamoja. Wembe mzima una mgongo wa mviringo. Uliochoka, mgongo umelala bapa kama ukingo wa rula. Kisha uweke makali juu ya meza. Ukiona yamegusa huku na huku na katikati mwanga unapita, uache hapo hapo, huo unakata watu. Kutu usiiogope, bora isiwe imechimba vishimo kwenye makali. Mwisho ugonge kwa ukucha. Mzima hulia, wenye ufa hukohoa.

Ili usidanganywe tena, nakutumia wembe wangu mwenyewe, uliomnyoa mama yako, ukakunyoa na wewe. Nenda nao Segera ukalinganishe. Ukiupoteza, talaka.

Na Adamu mwambie yule mtoto wa Mwaija alitikisa kichwa. Mkono wangu hautetemeki.

Mumeo,
Babu


Manundu, Korogwe
2 Aprili 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Hujambo? Huku mvua tu, na miguu imenivimba, lakini nesi anasema mtoto yuko sawa.

Nilikwenda Segera na wembe wako. Niliutoa tu kwenye kitambaa, Yordani akaudaka, akaugeuza, akanirudishia. "Huu sinunui, dada. Umekwisha." Babu, nilimtukana! Nikamwambia huo hauuzwi, ndio wembe mzima wenyewe, ajifunze. Watu wakajaa. Akaniambia, "Haya, uweke mezani."

Nikauweka. Mwanga ulipita katikati. Nikautazama mgongo, ni bapa kabisa.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Nilitaka nikuandikie kwamba uko sawasawa, nikashindwa, maana kutazama umenifundisha wewe. Babu, mtoto wa Mwaija hakutikisa kichwa. Lakini mkono wako nao hauna kosa. Ni wembe.

Nimeuweka humu, pamoja na mwingine niliouchagua kwa masharti yako, mweusi kwa kutu. Usinikasirikie. Bado nataka umnyoe wewe.

Shamsia wako


Manundu, Korogwe
20 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Hujajibu. Ndiyo umenipa talaka kimyakimya?

Amezaliwa Jumanne iliyopita, wa kike, nywele zimemshuka mpaka masikioni. Tu wazima wote wawili. Adamu amenunua nyembe za dukani, ameziweka kabatini. Kila nikifungua kabati naziona, na roho inaniuma.

Mjukuu wako


Handeni
10 Juni 2024

Mke wangu Shamsia,

Marahaba, na hongera sana. Mdoe alinisomea barua yako kwa sauti, mtaa mzima ukaisikia. Mke mwenza ananyonya vizuri?

Nilikasirika, sikufichi. Wiki mbili sikuufungua ule wembe wangu. Kisha nikauweka mezani dirishani, nami nikauona mwanga. Nimeushika kila siku, nisione unavyopungua.

Sasa sikiliza. Tangu ile damu, kila asubuhi nilikuwa nanyanyua kikombe cha chai kilichojaa pomoni, nione kama kitamwagika. Hakikumwagika, lakini sikukiamini. Nilijua uzee umefika mkononi, nikawa naogopa kuja kwako. Barua yako imenirudishia mkono wangu. Nimefurahi, mke wangu, nimefurahi sana.

Huo mweusi uliouchagua ni wembe hasa. Chini ya kutu mgongo ni mviringo mtupu. Nimeunoa, nikamnyoa Mdoe, mtu ambaye hata akinyolewa na malaika atalalamika. Kanyamaza. Ila mlio wake siusikii kwa masikio haya. Utaugonga wewe.

Ule wa zamani nimeutoa mpini. Chuma tutakizika mgombani pamoja na nywele. Mpini wa pembe nakuja nao, mtoto aushike nikimnyoa.

Nyembe za dukani Adamu anyolee ndevu zake.

Mumeo,
Babu


Manundu, Korogwe
27 Juni 2024

Babu,

Shikamoo. Ulifika salama? Kofia umeisahau. Mpini mke mwenzangu hauachii, ukimnyang'anya analia. Kichwa chake kinang'aa, hakina hata mkwaruzo, na Adamu anauliza utarudi lini umnyoe na yeye.

Nilipougonga wembe, wewe ulinikodolea macho usoni, unasubiri. Nikaitikia kwa kichwa kwamba wembe unalia, nawe ukaanza. Kutoka hapo sikumtazama mtoto, nilitazama mikono yako. Haikutetemeka hata kidogo, Babu. Ya kwangu ndiyo iliyotetemeka.

Mkeo,
Shamsia