Picha Yako, Baba, Ina Jina la Ouma

Kawangware, Nairobi
Machi 2008

Kwako Baba,

Nakusalimu wewe na Mwaitu, mama yangu, na wote wanaolala chini ya paa lako. Mimi ni mzima. Hilo nalitanguliza kwa sababu namjua Mwaitu, atamkatiza Kioko akiwasomea barua hii, amwambie aangalie kwanza mwisho wa barua kama nimekufa. Mwambieni sijafa. Nimekonda kidogo tu, na kile kikohozi cha moshi wa mabomu ya polisi kimeniacha. Je, mgongo wako unaendeleaje? Mvua imefika huko? Na ule ugoro ulioapa kuuacha Krismasi, umeuacha kweli, au bado unaufukia kwenye vumbi la mbao karibu na kigoda chako? Nauliza tu, Baba. Usinijibu kama jibu ni la uongo.

Niko kwa Nduku, binti wa Shangazi, huku Kawangware. Chumba ni kimoja na pazia katikati, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa jiko. Asubuhi tunatembea hadi Lavington kutafuta nguo za kufua. Kuna siku tunapata na kuna siku tunashinda getini tukipiga umbea na mabawabu. Nduku amenipokea vizuri, ila hataki kusikia harufu ya tapentaini ndani ya nyumba. "Mwende, hapa ni kwangu, si kwa yule mzee wako wa mabango," ananiambia. Kwa hiyo tangu Januari sijachora kitu. Mikono yangu inanuka sabuni na sijaizoea.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya picha yako. Mara kadhaa nimeshika kalamu, nikaandika salamu, nikaishia hapo. Leo nimeamua kusema yote.

Unakumbuka siku uliponileta Nairobi mara ya kwanza, nikiwa darasa la sita? Ulisimama kwenye kioo cha duka la sanamu pale mjini mpaka nikadhani mguu umekufa ganzi. Ndani alikuwapo mzee wa mpingo ameketi, na sikio lake la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia. Sikio la Babu. Ila wewe, hakuna mchongaji mwingine Wamunyu yote aliyechonga sikio lile. Uliingia umejaa furaha, ukamwambia mwenye duka, "Huyu ni wangu." Naye akamshika yule mzee, akampindua juu chini, akamkagua makalio, akakuuliza, "Jina lako liko wapi?" Tukatoka. Tulipofika Machakos ndipo ukaniambia, "Wewe ukija kupata kazi ya mikono, andika jina lako. Liandike kubwa, hata kipofu alipapase."

Nami nikakutii kupita kiasi. Kila picha niliyochora, kina mama wa kioski cha maji na mitungi yao, vinyozi, kuku wa Mashimoni kule Kibera wanaotembea kama wana hati za kumiliki ardhi, pembeni chini niliandika MWENDE kwa herufi nyekundu za kufika gotini. Mzee Ouma alikuwa hazipendi herufi hizo.

Ouma nimekutajia mara nyingi, ila nikutajie tena kwa sababu Mwaitu humchanganya na mchungaji. Ni yule fundi wa mabango, Mjaluo kutoka Siaya, mtu mzima kama wewe, aliyenikuta nikichora kuku kwa makaa kwenye mabati ya hoteli badala ya kuosha vyombo. Hakuniuliza kabila wala mshahara. Aliniuliza kwa nini kuku wangu hana uzito. Tangu siku hiyo nikawa nafanya kazi kwenye kibanda chake, karibu na reli, na miaka ilivyopita akaniachia kibanda chote, yeye akawa anazunguka kuandika majina ya maduka. Watu wakakizoea kuwa ni changu. Ng'ombe wa kila bucha pale Mashimoni ni wa mkono wake. Alinifundisha kwamba ngozi ya mtu haina rangi moja, na kwamba weusi hautoki kwenye kopo, unauchanganya mwenyewe. Wewe mwenye tezo ulinifundisha kuondoa mpaka kitu kionekane. Yeye alinifundisha kuongeza. Mimi ni mtoto wenu wawili, na usimwambie Mwaitu nimesema hivyo.

Basi Ouma alikuwa akiliona jina langu anatikisa kichwa. "Nyathina," ndivyo anavyoniita, mwanangu kwa lugha ya kwao, "hii jina yako imekuwa kubwa kuliko picha. Mtu ananunua mama na mtungi, ama ananunua Mwende?"

"Ni maagizo ya baba," namjibu.

"Basi ambia baba yako hao wamama watamshtaki. Umewakata miguu."

Tulicheka sana na jambo hilo. Sasa sicheki.

Matokeo ya kura yalipotangazwa na Kibera ikawaka, mimi sikuondoka. Waliokuwa wakikimbia wakati ule ni Wakikuyu, na nilijiambia sisi Wakamba ugomvi huo hautuhusu. Kisha mwanasiasa wetu, Mkamba, akakubali kiti katika serikali ya aliyetangazwa mshindi, na kufikia jioni majirani hawakuniangalia tena usoni. Yule niliyekuwa nachota maji naye kila siku alinipita kama hanijui. Ouma alikuja kibandani akanikuta natayarisha fremu. "Nyathina, toka leo. Si kesho." Nikamuuliza, na picha? Akasema, "Picha haina miguu ya kukimbia, wewe uko nayo. Enda." Nikachukua mfuko wa nguo na brashi zangu. Picha zote nikaziacha zimeegemea ukuta, na yako kati yao, ile ya wewe na tezo na vibanzi miguuni, niliyokuahidi kukuletea Pasaka. Ningebeba hata hiyo moja. Ilikuwa kubwa, na niliogopa watu wataiona njiani. Nakumbuka nimesimama mbele yake pale mlangoni, Baba, nikiipima kwa macho, halafu nikaiacha.

Hata huku Kawangware hakukuwa na amani. Kuna siku tulilala sakafuni mchana na meza tumeisukuma mlangoni. Lakini tulipona. Wakubwa walipopeana mikono kwenye televisheni, nikangoja kidogo, kisha nikarudi Kibera. Nduku alikuwa amesikia kutoka kwa watu wa kanisani kwamba picha ziko Ayany, mtaa wa pembeni mwa Kibera, nyumbani kwa mama mmoja wa kwaya, basi nikaanzia huko.

Binti wa yule mama ndiye aliyenifungulia. "Ah, umekuja kuona picha za Mzee Ouma!" akasema. Nikamsahihisha nikicheka. Tukaingia chumba cha nyuma. Zilikuwa zote, Baba, hakuna hata moja iliyotoboka. Na kwenye kila moja, pale palipokuwa MWENDE, palikuwa pamepakwa kahawia, na juu ya kahawia kumeandikwa kwa manjano, kwa ule mwandiko mzuri wa mabango ambao naujua kama sura yangu: OUMA. Hata kwenye yako. Kwenye yako jina lenyewe lilikuwa limechafuka, herufi ya mwisho imeburutwa kando, nikasema moyoni, mwizi gani huyu, hata kuiba ameiba kwa uvivu.

Nilitembea kutoka Ayany hadi Mashimoni nikiongea peke yangu. Nikamkuta ameketi nje ya kibanda, koti limemning'inia mabegani, mbele yake hakuna bango wala kopo. Aliponiona uso wake ulifunguka. Akasimama, akaninyooshea mkono wa kushoto.

Unajua tulivyolelewa. Mkono wa kushoto humpi mtu ila umemdharau. Nikauacha ukining'inia hewani. Nikamwambia, "Mzee, ulishindwa hata kungoja nife? Picha zangu zote? Hata ya baba?"

Akaurudisha mkono polepole. "Hata ya baba," akasema. "Hiyo ndiyo nilimalizia nayo. Kaa, unywe chai."

Yule mama anayeuza mandazi jirani na kibanda akaacha karai lake likiungua. "Wewe msichana, huna macho?" akanipigia kelele. "Si uangalie kwanza mkono ingine ya mzee ndio uongee!"

Ndipo nikautazama mkono wa kulia. Ulikuwa mfukoni mwa koti, naye hakuutoa mpaka mama yule alipoutoa yeye mwenyewe, kama mtu anayetoa kitu cha mwenzake. Vidole vimekaa kila kimoja upande wake. Walimtibu kliniki siku nyingi baadaye, barabara zilipofunguka, na mifupa ilikuwa imekwisha kujiunga inavyotaka.

Ouma hakunieleza kitu. Mama wa mandazi ndiye aliyenieleza, huku Ouma anamwambia, "Wacha hiyo maneno." Ni kwamba baada ya mimi kuondoka alisikia vijana wanataja kibanda cha Mkamba. Asubuhi akaingia na makopo yake, akafunika jina langu kwenye picha moja baada ya nyingine na kuandika la kwake, mbio mbio, yako ikawa ya mwisho. Walipofika alikuwa anapangusa brashi.

"Mzee, hii si kibanda ya yule dem Mkamba?"

"Ni yangu. Na mapicha ni zangu. Si mnajua kusoma? Someni jina."

Wakasoma. Karibu waondoke. Kisha mmoja akaweka kidole gumba kwenye picha yako, pembeni pale, akakiinua kina manjano. Rangi ya mafuta haikauki upesi, Baba. Ouma mwenyewe ndiye aliyenikataza mara ngapi nisiguse kazi mpaka kesho yake.

"Buda," yule kijana akamwambia, "jina yako bado mbichi."

Mama yule anasema walicheka, hata Ouma akacheka kidogo. Halafu mmoja akauliza, "Unaandikanga na mkono gani?" Naye akawaonyesha. Ouma hawezi kudanganya mara mbili kwa siku moja. Walitumia nondo. Wangechoma na kibanda, ila polisi walitokea upande wa reli na mabomu yao ya moshi na vijana wakatawanyika. Yeye, badala ya kutafuta mtu wa kumfunga mkono, akamwomba mama wa mandazi amtafutie mkokoteni. Picha zilifika Ayany kabla yeye hajafungwa hata kitambaa.

Najuta, Baba. Najuta ule mkono niliouacha hewani, na najuta ukubwa wa herufi zangu: zingekuwa ndogo kama alivyotaka, angezifunika kwa mguso mmoja wa rangi nyembamba, na pengine wasingejua. Niliushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yangu miwili nikalia mpaka mandazi yakaungua yote. Yeye ananiambia, "Nyamaza, nyathina, unafukuzia mama wateja."

Kisha akanituma. "Chukua wembe na msasa laini, kwangua jina yangu. Yako iko chini. Mimi sikutoa, nilifunika tu." Nikakataa, akakasirika. Akasema yeye hana sifa ya kula jasho la mtoto. Tukaenda wote Ayany, akaketi kwenye ndoo akinisimamia, nami nikakwangua. Ilikuwa kweli. Kwenye kila picha, manjano yalitoka, kahawia ikatoka, na MWENDE akachomoza chini kama alivyokuwa, mwekundu, hana hata mkwaruzo. Hata katika haraka ile alikuwa amepaka kwa uangalifu.

Mpaka nikafika kwenye yako. Nikaweka wembe. Pale jina lilipoburutwa, kwenye rangi iliyokauka, inaonekana mistari ya kidole gumba cha yule kijana. Na kabla ya kidole ni O, U, M, zimesimama wima, nzuri. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ambayo mkono ule uliandika. Daktari amesema hautashika brashi tena. Ouma aliniambia endelea. Nikamdanganya kwamba wembe umekuwa butu.

Kwa hiyo picha yako inakuja hivyo. Binamu wa Nduku anaendesha lori la mahindi, ataishusha dukani kwa Kioko kabla ya Pasaka. Utajiona umeketi na tezo yako, vibanzi miguuni, na sikio la kushoto nimelichora kubwa kidogo. Na chini, karibu na goti lako, utaona jina la mtu usiyemjua. Najua ulichoniambia siku ile ya dukani, na najua nakuomba kitu kigumu. Kama hutaweza kuishi na jina hilo ukutani, wembe unao, na msasa unao kuliko mtu yeyote Wamunyu, na jina langu liko chini yake, zima. Likwangue wewe, Baba. Mimi mkono umekataa.

Msalimie Mwaitu, umwambie shuka aliyonipa ndiyo ninayojifunika. Msalimie nyanya yetu Susu, umpigie kelele sikioni mpaka asikie kwamba ni mimi ninayemsalimu. Shangazi aambiwe Nduku anakoroma kama alivyokuwa anakoroma utotoni, lakini ana moyo. Kioko na mkewe, na mtoto wao ambaye sijamwona, nawabusu. Na wazee wenzako wa kuchonga, waambie nawakumbuka, na waache kukuuzia ugoro.

Jina langu nimeliandika hapa chini kama ulivyonifundisha. Karatasi hii ni yako, na wino umekauka.

Binti yako,

MWENDE