Madawati Upande wa Mlango

Jumatatu, 5 Mei
Nimefukuzwa kazi tena. Kwenye gemu, si kweli. Gemu ya simu: unakuwa mwalimu, unapewa darasa la watoto wa Kizungu wenye nywele za rangi rangi, nje ya dirisha theluji. Ukipoteza muda, uso wa mwalimu mkuu unatokea pembeni. Kijani, njano, nyekundu. Ukifika nyekundu, kwaheri.

Niliipakua Januari nilipopangiwa huku milimani, juu ya Vudee, nijizoeze kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Bado natetemeka. Leo darasa la nne walikuwa wanautazama mkono wangu wenye chaki, si ubao.

Naogopa kila kitu huku. Ukungu. Barabara ya kushuka Same. Mwalimu Mkuu wetu, ambaye hana haja ya rangi. Na mvua hii. Kwetu Makanya mvua ikinyesha watu wanatoka nje kuishangaa. Huku wanaendelea kuchambua maharage.

Jumatano, 7 Mei
Nakijwa ameleta maziwa. Ni mwanafunzi wangu wa darasa la nne, binti wa jirani, haongei sana. Nilikuwa nacheza gemu, akasimama mlangoni kuchungulia. Nikampa simu.

Maelezo yote ni ya Kiingereza, hakusoma hata neno. Alifanya kama anavyojua shule. Kwanza akayavuta madawati yote kutoka ukuta wa madirisha, akayarundika upande wa mlango. Watoto wa Kizungu wakabanana kama dagaa. Uso wa mkuu ukaenda njano. Hakujali. Kisha akabonyeza kile kialama cha sikio ambacho mimi sikibonyezi kamwe. Ukikibonyeza, mwalimu ananyamaza na kusikiliza darasa. Kinakula muda.

Akafukuzwa kazi upesi kuliko mimi. Nilicheka sana.

Alhamisi, 8 Mei
Amefanya vilevile. Madawati mlangoni, sikio. Nikamuuliza kwa nini anayahamisha.

"Pale pana baridi, madam."

Kadanganya. Nimefundisha muda mfupi lakini mtoto anayedanganya namjua, anatazama vidole vyake vya miguu.

Baada ya kuondoka nikakumbuka jambo, na chai ikanishinda. Safu ya dirishani darasani kwangu. Kila wiki wale watoto wanasogea ndani kidogo kidogo. Nilidhani ni utundu. Nimewagombeza. Nimewarudisha ukutani kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 9 Mei
Leo jaribio la Hisabati. Kwa kawaida nazungukazunguka na kusema ovyo, woga unanifanya niwe na maneno mengi. Leo nikakaa. Nikanyamaza. Mvua ilikuwa imekatika.

Nikasikia. Ndani ya ukuta wa madirisha, ule wa upande wa mlimani. Kitu kinatiririka, kinaacha, kinatiririka tena. Kama mchele unamiminwa kwenye ungo, taratibu. Nilipotazama chini, mchanga ulikuwa umejikusanya sakafuni chini ya ramani ya Tanzania.

Hakuna mtoto aliyeinua kichwa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko sauti yenyewe. Wameizoea.

Walipotoka nikaifunua ramani. Ufa. Kiganja changu kinaingia kwa ubavu. Nikaenda kumwita Mwalimu Mkuu. Akaja, akaupiga ukuta kofi kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni.

"Mwalimu Zuhura, wewe ni mtoto wa Makanya. Umezoea vumbi. Ukuta huu tuliujenga kwa msaragambo, kijiji kizima, mawe nimebeba kwa bega hili. Baba Nakijwa ndiye aliyekuwa fundi. Atakuja kupiga lipu."

Baba Nakijwa. Sasa naelewa. Mtoto atasemaje kwamba ukuta wa baba yake ni mbovu, tena mbele ya watoto ambao baba zao walibeba mawe?

Jumapili, 11 Mei
Mvua toka alfajiri. Kengele ya kanisa, nyimbo, halafu mvua tena. Nimeshinda ndani.

Nilimpigia mama. Kwao kukavu, wanaomba Mungu awape hata manyunyu. Nikamweleza. Kwanza akacheka, akanikumbusha kwamba mimi hata jogoo wa bibi nilikuwa namkimbia. Ni kweli. Ndiyo shida yangu. Mtu anayeogopa kila kitu, ataijuaje hofu ya kweli ikija?

Kisha mama akaacha kucheka. "Kwa mwoga huenda kicheko, Zuhura, kwa shujaa huenda kilio. Waache wakucheke."

Jumatatu, 12 Mei
Nimewatoa. Nimefundishia kwenye ukumbi wa jiko la shule, makande yanachemka, moshi machoni. Walimu wenzangu wamecheka mpaka wamepaliwa. Mmoja kaniuliza kama nataka kuletewa mwavuli na sala.

Saa saba Mwalimu Mkuu akaniita. Hakupaza sauti. Kesho darasa lirudi ndani, la sivyo anaandika wilayani Same kwamba nimekataa kazi, na kwamba nawaaibisha wazazi kwa ukuta waliojenga kwa nguvu zao wenyewe. Nikasema ndiyo, mwalimu. Nilisema ndiyo! Najichukia.

Nikifukuzwa hapa sianzi upya kwa kubonyeza. Nitarudi Makanya kukaa kwa mama. Lakini wale watoto nao hawaanzi upya.

Jumanne, 13 Mei
Niandike kwa mfuatano.

Nimewarudisha ndani. Ila kabla ya yote, nimeyavuta madawati yote upande wa mlango, kama Nakijwa kwenye simu. Watoto wakasaidia bila kuuliza. Wakabanana, wengine wakapakatana. Nilifundisha nikiwa nimeupa ubao mgongo, macho ukutani. Sijui nilifundisha nini.

Mvua ikapungua. Baba Nakijwa akaingia na mwiko na ndoo ya lipu, Mwalimu Mkuu nyuma yake. Fundi alinisalimia kwa adabu lakini uso umefungwa. Nakijwa akainamisha kichwa mpaka kwenye dawati.

Nilitaka kusema mambo ya ufa, ya mchanga, ya maji yanayoshuka mlimani. Kilichotoka ni hiki tu: "Baba, shikamoo. Naomba ukae kidogo na watoto. Tunyamaze wote."

Nilidhani atanitukana. Akamtazama binti yake. Sijui aliona nini. Akaweka ndoo chini, akakaa kwenye ncha ya dawati, magoti juu, mtu mzima na mwiko wake. Mwalimu Mkuu akabaki mlangoni, amekunja mikono.

Tukanyamaza. Kwa muda hakukuwa na kitu, nikasema moyoni, Zuhura, umekwisha. Kisha ukuta ukaanza. Mchele kwenye ungo. Halafu sauti mpya, nzito, ya jiwe linalojigeuza usingizini.

Fundi hakwenda kuupapasa ukuta. Hakugeuza hata shingo. Alisema chini kwa chini, "Mwalimu, watoe. Wasikimbie. Kanyageni taratibu."

Walitoka mmoja mmoja. Nilitamani kupiga kelele kila mguu ulipogusa sakafu. Nakijwa alikataa kutangulia, akamsubiri baba yake. Mwalimu Mkuu aliushika mlango, akawagusa vichwa wakipita, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali.

Alhamisi, 15 Mei
Umeanguka leo asubuhi.

Tulikuwa chini, kwenye kanisa la Walutheri, tulilopewa kwa muda. Mimi na ushungi wangu mbele ya madhabahu, nafundisha hesabu za sehemu. Sauti haikuwa kubwa. Kama mtu amemwaga gunia la viazi. Watoto wote wakageuka, wakanitazama mimi.

Nimepanda kuona. Mawe yamelala palepale nilipokuwa nawarudisha. Baba Nakijwa alikaa juu ya jiwe na kulia waziwazi, wanaume wamemzunguka, hakuna aliyemlaumu, wote walibeba. Mwalimu Mkuu kanipa mkono.

Jumamosi, 17 Mei
Jua kidogo. Nimeanika nguo.

Msaragambo umeanza tena. Safari hii wanachimba kwanza mfereji wa kukwepesha maji ya mlimani, na Baba Nakijwa ndiye anayewaonyesha wapi. Walimu wamenicheka tena, kwa sababu nimekataa kuvuka ubao waliolaza juu ya mfereji. Wacheke tu.

Jioni Nakijwa ameleta maziwa, akaomba simu. Nikakaa karibu yake. Akayatawanya madawati darasa zima, safu kwa safu, mpaka dirishani. Watoto wa Kizungu wakapata nafasi ya viwiko. Uso wa mkuu ukawa kijani.

Kisha akabonyeza sikio. Tukainamisha vichwa wote wawili juu ya simu, mimi nimeshika pumzi. Nje ya dirisha lao theluji ilikuwa inaanguka. Ndani hakukuwa na sauti yoyote.

"Wafundishe sasa, madam," akasema, akanirudishia simu.