Mama Wanga, Uliyekubali Kuoshwa Miguu

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipovuta pumzi yako ya mwisho, dirisha likiwa wazi kama ulivyopenda. Mwaka mzima, na bado tukipita mahali tukasikia harufu ya kitambaa kinachopigwa pasi, tunageuza shingo kukutafuta.

Wengi walikujua kwa jina la Mama Wanga. Wasiokujua walishtuka, nawe ulipenda kuwaona wakishtuka. Wanga wako ulikuwa ule wa kwenye beseni, wa kukazia kola na majoho ya kwaya, si wale wanaosemwa kuwa husafiri kwa ungo. Siku moja mhubiri mgeni alimsikia mzee wa kanisa akitangaza, "Jumatano saa kumi tukutane kwa Mama Wanga kwa maombi," akainuka na kuanza kukemea. Kanisa zima lilicheka. Ulimwomba shati lake la Jumapili iliyofuata, ukalifua, ukalitia wanga wa haja, na mtumishi wa Mungu akahubiri saa nzima bila kuweza kugeuza shingo.

Miaka thelathini na moja ulikuwa dobi. Chumba chako cha kazi, pale mwanzoni mwa ua wetu, kilikuwa na meza mbili ndefu zilizotandikwa mablanketi makuukuu, na dirisha moja lililojaa mvuke tangu asubuhi. Ulishona uzi wa rangi kwenye pindo la kila nguo usije ukachanganya: mwekundu wa mwalimu mkuu, wa kijani wa nesi, mweusi wa seremala kwa kuwa alisema rangi nyingine zinamtia haya. Kila uliyempigia pasi ulimwombea. Ulisema shati la mtu halijui uongo. Ulijua nani amekonda, nani analala na nguo za kazini, nani amelia akajifuta kwa mkono wa shati. Ukishajua, ulifunga mdomo, ukaenda kumsalimia. "Napita tu," ulimwambia, kumbe umezunguka mitaa miwili.

Jumatano saa kumi ulizima pasi, ukafungua Biblia juu ya meza, na darasa likakaa juu ya mabunda ya shuka. Fundisho ulilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la Bwana kuwaosha wanafunzi wake miguu. Ulilifundisha kila mwaka, wakati mwingine mara mbili. "Mkubwa ndiye aliyeinama," ulisema. "Alijifunga taulo mwenyewe, hakutuma mtu. Basi nasi tujifunge." Nawe ulijifunga kweli. Mgonjwa asiye na ndugu, mzazi aliyejifungua akiwa peke yake, maiti iliyokosa wa kuiosha, wote walipita mikononi mwako.

Lakini tukikukumbuka, Mama, tukukumbuke mzima, maana wewe mwenyewe ulichukia nguo iliyofuliwa upande mmoja. Alikuwepo mtu mmoja ambaye hukuwahi kumwinamia. Alikuwa mke wa mwanao.

Alikuwa msusi. Saluni yake ilifunguliwa hata Jumapili, na kabla ya kumjua mwanao alikuwa ameshaishi na mwanamume mwingine miaka miwili, wakaachana. Hayo mawili yalikutosha. Wiki moja kabla ya harusi alikuletea gauni la kuazima lenye doa la kutu kiunoni, alama ya henga ya chuma ya kutundikia nguo. Uligeuza kitambaa mara moja tu mbele ya dirisha, wafanyakazi wako wawili wakitazama, ukamrudishia.

"Kuna madoa hayatoki, binti," ulisema.

Alielewa kuwa husemi habari za gauni. Alilikunja, akasema, "Ahsante, Mama," akaondoka zake. Siku ya harusi ulikaa safu ya nne ukisema unaumwa na kichwa.

Miaka minne mliishi ua mmoja mkiamkiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Shikamoo. Marahaba. Basi. Mwanao, dereva wa lori, alikuwa akirudi safari anaanza kupima hewa ya ua kabla hajavua viatu. Kuna siku alikuomba mkae kitako, muyamalize. Ulimwambia, "Yamalizwe yapi? Mimi sina ugomvi na mtu." Naye akayaacha, maana nani atabishana na mwalimu wa Biblia?

Kisha Jumatatu moja pasi ikakuponyoka mkononi. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito kama umewekewa jiwe. Hospitali walikuhudumia wiki moja wakakurudisha nyumbani. Mwanao alikuwa amekwama mpakani na lori lenye mizigo ya wateja. Binti yako, mwalimu, yuko mbali, na shule zilikuwa hazijafungwa. Aliyebaki ni Msusi.

Nesi alikuja akamwonyesha namna ya kukugeuza na kukuosha. "Asipooshwa na kugeuzwa," alimwambia kwenye kizingiti, "vidonda vya mgongo vitamla kabla ya kiharusi." Ulikubali chai yake. Ulikubali dawa. Kuoshwa ukakataa. Jirani alikupangusa uso na mikono, nguo ulibadilishiwa mbiombio, na zaidi ya hapo hapakuwa na ruhusa. "Nitamsubiri binti yangu," ulisema siku ya kwanza, na ya pili, na ya tano.

Siku ya sita, mchana, Msusi alisimama jikoni akitazama maji yakichemka. Baadaye alitusimulia bila kujipamba. Hakuwa na huruma siku ile, alikuwa na hasira. Alikuwa ameshavaa viatu aende saluni, aache yatakayokuwa na yawe. Kilichomrudisha, alisema, hakikuwa upendo, ilikuwa harufu. Alipopita mlangoni kwako ilimpiga puani, wewe uliyekuwa ukinusa kola ya mtu ukajua sabuni aliyotumia, na akaona kwamba hata adui yake hastahili hiyo. Akavua viatu.

Aliingia na beseni. "Mama, leo unaoga."

"Nimesema namsubiri binti yangu."

"Binti yako anafika baada ya wiki mbili. Ngozi haijui kalenda."

"Weka beseni hapo, utoke." Ulimi ulijikokota, lakini maneno yalikuja moja moja, yamenyooka. "Wewe hutaniosha miguu kamwe."

Msusi akaweka beseni chini polepole. "Umesikia ulichosema?"

"Mimi kiziwi?"

"Hayo maneno si yako, Mama. Ni ya Petro, alipomkatalia Bwana."

Ulimtazama. Hukujua kwamba Jumatano ilikuwa siku yake ya kupumzika. Kwamba miaka minne aliosha vyombo upande wa pili wa ukuta wako, akifunga bomba kila ulipoanza kusoma, ili asikie vizuri.

"Na Petro alijibiwaje?" akakuuliza.

Ulijua jibu. Ulilifundisha wengine kwa miaka ishirini na mbili: kwamba asiyekubali kuoshwa hana fungu lake pamoja na Bwana. Uligeuza uso ukutani. Ukakaa hivyo hadi maji yakapoa, Msusi akaenda jikoni kuongeza ya moto. Aliporudi, ulikuwa umesukuma shuka kwa mkono wa kushoto, na mguu mmoja uko nje ya kitanda.

"Miguu tu," ulisema.

"Miguu tu," alikubali, akapiga magoti.

Aliosha mguu mzima kwanza, kisha ule uliolala, kidole kimoja kimoja. Alipofika kwenye kisigino ulianza wewe.

"Lile gauni."

"Gauni gani?"

"Usijitie kusahau. Doa lilikuwa linatoka. Kutu ile. Ndimu na chumvi, na jua la saa moja. Nilijua tangu nilipoliona."

Msusi hakuinua kichwa. "Najua lilikuwa linatoka. Nililitoa. Ulidhani niliolewa na doa?"

"Nani alikuonyesha?"

"Dobi wa mtaa wa pili."

"Yule?" Ulijaribu kuinuka. "Yule anayechoma kola za watu?"

Hapo ndipo mlipocheka, wewe kwa nusu ya mdomo, yeye hadi maji yakamwagika sakafuni. Na kicheko kikageuka, kama vicheko vya namna hiyo vinavyogeuka, mkawa mnalia wote wawili. Ukamwambia, "Nilikukosea mbele za watu. Nisamehe, mwanangu." Yeye hakutoa hotuba. Alisema, "Nimekusamehe, Mama. Lete mgongo."

Ulileta mgongo. Ulileta kila kitu. Mwishoni ukasema, "Petro aliomba aoshwe na kichwa pia."

"Kichwa ndiyo kazi yangu," alisema Msusi. "Usingeomba ningeudhika."

Mwanao alifika siku tatu baadaye, vumbi la njia nzima likiwa nyusini. Alikukuta umekaa kitandani, shuka jeupe, nywele zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka kama mikunjo ya suruali uliyoipiga pasi mwenyewe. Akasimama mlangoni.

"Dada amefika?" akauliza.

"Bado."

"Sasa nani amekusuka?"

"Binti yangu," ulisema. "Huyu mwingine."

Dereva huyo, aliyevuka mito iliyofurika bila kupepesa jicho, alikwenda nyuma ya lori lake akakaa huko muda mrefu. Alisema anakagua matairi.

Jumatano iliyofuata uliagiza ubebwe. Seremala na mwuza magazeti wa darasa lako walikuingiza chumba cha kazi na kiti chako, darasa lote likasimama. Hukufungua Biblia kwanza. Ulisema, "Hatuanzi. Kuna mtu nyuma ya ukuta. Mwambieni aingie." Msusi akaingia akijifuta mikono, akakaa juu ya bunda la shuka karibu na mlango.

Tumejaribu kuyaandika maneno yako ya siku ile kama yalivyotoka, kwa kuwa ulimi ulikuwa mzito na ulichagua machache.

"Nimewadanganya," ulianza. "Si kwa maneno, kwa kuruka. Miaka yote nimewafundisha kujifunga taulo. Sikuwafundisha kuvua viatu. Kumwosha mtu ni rahisi. Ukiinama, bado wewe ndiye mwenye maji. Kazi ni kumpa mtu mguu wako mchafu, na mtu mwenyewe ni yule uliyemdharau. Petro hakukataa kwa sababu ni mnyenyekevu. Alikataa kwa sababu ana kiburi, na kiburi chake kilikuwa kimevaa nguo za heshima. Namjua. Nimelala naye kitanda kimoja siku sita."

Nesi alikuuliza, "Kwa hiyo, Mama, tusiwahudumie watu?"

"Wahudumieni. Lakini muwe mmeoshwa. Angalieni mpangilio: Bwana aliwaosha kwanza, ndipo akawaambia waoshane. Ambaye hajawahi kupokea huruma, huruma yake huwa ya kutoka juu, kama maji yanayomwagwa kutoka dirishani. Yanalowesha, hayaoshi."

Seremala akakohoa. Ndiye aliyekuwa na maswali magumu siku zote. "Na Yuda je, aliyemsaliti? Naye alioshwa?"

"Sioni mahali palipoandikwa kwamba alirukwa. Bwana alijua anakwenda wapi usiku ule, na bado aliishika ile miguu. Mimi huyu binti sikujua alikuwa anakwenda wapi, nikamruka." Ukamtazama Msusi mbele ya wote. "Nilimwambia ana doa lisilotoka. Mbele za watu nilisema, mbele za watu nalifuta. Mwenye doa nilikuwa mimi, na limetoka."

Mwuza magazeti alivua kofia. Ulipouliza nani atafunga kwa sala, Msusi, ambaye hatujawahi kumsikia akisali kwa sauti, alisema sentensi moja: "Bwana, ahsante kwa Mama yangu."

Uliishi wiki kumi na moja baada ya hapo. Binti yako mwalimu alikuja, akakuta zamu imeshapangwa, akapewa yake. Ulirudia fundisho lile Jumatano nne mfululizo, ukisema una deni la miaka ishirini na mbili na muda ni mfupi. Hukuogopa. Mjukuu wako alipokuuliza kama mbinguni kuna kufua, ulimwambia, "Huko watanifua mimi, nami sitabisha tena." Asubuhi ile ya Alhamisi Msusi ndiye aliyekushika mkono, na ndiye aliyekuosha na kukusuka kwa safari.

Mama, hatukuandikii hapa kwa majonzi ya watu wasio na tumaini. Yule aliyeinama na beseni hakuinamia miguu ya watu ili baadaye awaache kaburini. Hilo ulilisadiki, nasi tunalisadiki. Ulikwenda kwake ukiwa na fungu lako.

Chumba cha kazi bado kinatoa mvuke. Wafanyakazi wako wawili wanaendelea, na kola zao zimesimama. Na kila Alhamisi saluni ya binti yako msusi hufungwa. Huchukua sabuni, taulo na kitana, akaenda wodi ya wagonjwa wasio na ndugu. Hufika kitandani, huweka beseni chini, na kabla hajagusa mtu huuliza, "Nikuoshe?" Wengine hukubali mara moja. Wengine hukataa, hugeukia ukuta. Kwa hao huvuta kigoda, akakaa, akangoja.

Unakumbukwa na mwanao dereva, binti zako wawili, mwalimu na msusi, wajukuu zako watano, dada yako mkubwa, wafanyakazi wa chumba cha kazi, darasa la Jumatano, na wote ambao nguo zao zilipita mikononi mwako zikibeba maombi wasiyoyajua.

Siku zote za uhai wetu tutakukumbuka, Mama.