Ndama Asiyetetemeka

Jumatatu, 10 Machi
Mtamba wetu mmoja amekufa akizaa. Ndama mzima, dume, mkaidi — chupa anaitema. Baba anasema tungoje ng'ombe mwingine afiwe na ndama wake, tumvalishe yatima ngozi ya huyo marehemu, mama atanusa na kumkubali. Ndivyo tufanyavyo kila msimu. Sijawahi kuzoea.

Jumatano, 12 Machi
Dhoruba ya theluji tangu jana. Asubuhi Baba alimkuta ndama wa ng'ombe namba 63 kalala nje, kakakamaa. "Huyu kwisha. Lete kisu, Larysa, yatima apate mama." Nikatia kidole mdomoni mwa ndama. Baridi kama chuma. Nikaweka sikio ubavuni, nikangoja — tup. Nikangoja tena. Mapigo ishirini na sita kwa dakika!

"Hata hatetemeki," Baba akasema. "Aliyetulia hivyo ameshakwenda."

Nikampigia Beaudry, daktari wa mifugo. Akasema utulivu huo ndio hatari. Shina la ubongo, pale kichwa kinapoungana na shingo, ndilo linaloongoza kasi ya moyo na kupitisha amri ya mwili utetemeke utafute joto. Likipoa mno, amri zinafifia. Halijafa, limezubaa. Nimpashe moto mpaka lishike kazi tena.

Baba kisu kashakichukua mwenyewe. "Ukimkosa huyu, na ngozi ikaharibika, yatima naye umemkosesha mama." Najua. Nikamburuta hadi bafuni hivyo hivyo.

Jioni
Joto la mwili digrii 33. Moyo 70. Nikimtoa kwenye maji moto anapoa upya. Kumbe joto ni la maji, si lake. Nimekaa nawaza: mimi nikilala, moyo wangu unaangaliwa na kijishina hicho, wala sijawahi kukifikiria. Baba kapita mlangoni mara tatu. Kisu hana tena.

Alhamisi, 13 Machi
Saa mbili asubuhi. Anatetemeka! Mwili mzima, kwato zinagonga beseni la kuogea. Nimelia. Baba: "Machozi yote hayo kwa ndama?" Lakini alikuwa anacheka.

Kisha akauliza, "Yatima ulimpa chupa jana?" Mimi? Nilidhani yeye. Tangu jana asubuhi hakuna aliyekwenda kule.

Tumemkuta kwenye kona ya banda, ametulia kabisa. Nimetia kidole mdomoni mwake. Nikaanza kuomba radhi, Baba hakusikiliza — alishavua koti, kamfunika, kambeba mwenyewe hadi ndani.

"Mtoe huyo kwenye beseni. Fungua maji ya moto. Hesabu."

Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko ubavuni mwa yatima. Nusu dakika, mapigo saba. Baba ananitazama. Naendelea kuhesabu.