Waliziba Njia ya Maji, Baba

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu. Nina hasira.

Jana mwenyekiti wa kamati ya bwawa alituita mkutanoni, akasema mbele ya watu kwamba bwawa letu lilivunjika kwa mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Kwani ni Mungu aliyepanga magunia ya mchanga kwenye njia ya kutolea maji?

Ulimwambia kabla ya mvua. Nilikuwepo, ndoo mkononi. "Mwenyekiti, ukuta huu haukujengwa kuyafunga maji yote. Unashika ya kututosha kiangazi. Yanayozidi yapitie pale pembeni, yashuke taratibu. Ukipaziba yatapanda juu ya ukuta, na huu ni udongo tu, utamegeka." Akacheka. Akasema ng'ombe wake wanataka maji zaidi, na wewe ni mtunza bwawa, si injinia. Kisha akaagiza magunia yapangwe.

Wewe, uliyenibeba mabegani nikiwa mdogo, tukaangalie maji yamefika alama ya ngapi!

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne ukanituma nikawahamishe watu wa bondeni, nawe ukachukua jembe. Niliwahamisha wote, Baba. Wote. Niliporudi, ukuta haupo, wewe hupo. Magunia manne uliyoyang'oa yalikuwa kando, pale ulipoyatupa.

Nawe pia nimekukasirikia. Kwa nini hukuningoja? Mama bado anakupakulia ugali, kisha anaurudisha jikoni.

Basi jana mwenyekiti akatangaza kwamba bwawa litajengwa upya, ukuta uwe mrefu zaidi. Njia ya maji hakuitaja kabisa. Nikasimama. Nikasema, "Baba yangu hakuuawa na mvua. Aliuawa na magunia yako."

Kisha Mama Nyevu, ambaye nyumba yake ilisombwa, akasema, "Mtoto asema kweli. Mimi ni hai kwa sababu ya baba yake." Watu wakaanza kupaza sauti. Mikono ilipoinuliwa kupiga kura, mwenyekiti akaondolewa, na kazi yako nikapewa mimi.

Pumzika, Baba. Nakuahidi njia ile itachimbwa pana, na atakayetia hata jiwe moja pale atanikuta. Lakini kumsamehe yule mtu, hilo usinidai. Bado siwezi.

Mwanao,
Mbeyu