Si Bakteria, Kaka

S.L.P. 61,
Homa Bay.
19 Julai 2024

Mpendwa Kaka Gisiri,

Joto la Doha limekuachaje? Na mgongo, bado unakusumbua? Sisi tu wazima. Mama kule Migori amepona malaria, na mahindi yake yamebeba vizuri.

Lakini leo nakuandikia nikiwa na hasira, nivumilie.

Unajua Jerusha, binti wa marehemu kaka yetu, yuko nami hapa, kidato cha tatu. Kwa maonyesho ya sayansi alichunguza vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwenye chemchemi za Homa Hills. Maji yale yanababua mkono, kaka, na bado kuna kiumbe ndani! Alichota sampuli, maabara ya chuo kikuu ikampimia: ni akea (kwa Kiingereza archaea), si bakteria. Ukivitazama vinafanana, lakini ukuta wa seli na jeni ni vya ukoo mwingine kabisa. Akaandika hivyo kwa herufi kubwa.

Jaji wa maonyesho alisoma, akacheka mbele ya watu. "Seli haina kiini, hiyo ni bakteria. Nani amekudanganya?"

"Hakuna, sir. Jeni zimepimwa, majibu ni haya."

Karatasi hata hakuishika. Alimkata alama, mtoto akawa wa nne. Waliosonga mbele ni watatu.

Jumatatu nilimfuata yule jaji ofisini kwake. Akashusha sauti: "Madam, nimesoma baadaye, uko sawa. Lakini nikigeuza sasa, watu watanionaje?" Nilitoka bila kuaga.

Tena najikasirikia mwenyewe. Kabla ya maonyesho nilimwambia Jerusha, "Andika tu bakteria, mama, upate alama." Mimi, mwalimu wa bayolojia! Yeye ndiye aliyekataa.

Jana cheti kikaja: "Mradi: Bakteria wa Maji Moto." Nikasema tukitundike hivyo hivyo ukutani. Jerusha akanirudishia mkononi.

"Shangazi, hiyo si kazi yangu."

Asubuhi hii nimewarudishia waandaaji cheti chao, pamoja na majibu ya maabara na barua ya kudai kosa lirekebishwe, yenye jina langu na sahihi yangu. Nakala nimempa prinsipo wa shule. Wakubwa wakitaka kunihamisha, wanihamishe.

Nisalimie wifi Orpah na Byron. Mpigie Jerusha simu Jumapili, atafurahi kukusikia. Mungu awafunike huko ugenini.

Dada yako akupendaye, hata akiwa amefura,
Edith