Kiraka Kilichopimwa Nikiwa Msibani

Jumatatu, 6 Machi 2000

Nimerudi kazini. Basi la Songea liliingia jana jioni, nikalala na viatu. Asubuhi nikaenda tu, miguu inaijua njia ya kutoka Ilala mpaka Kariakoo bila mimi.

Mtaa mzima umesema pole. Fundi redio pole, muuza matairi pole, yule wa kuchonga funguo pole. Nimejibu asante, asante, asante. Pale mlangoni pa karakana yetu ya kompyuta, marehemu dada yangu Agnesi alipokuwa akipika wali na maharage, hakuna aliyepachukua. Wamepafagia, wakapaacha. Mafundi wanakwenda kula mtaa wa pili na wanarudi wakifuta midomo kwa siri — kana kwamba nitawauliza wamekula nini.

Sijalia. Makaburini pia sikulia. Watani walinicheka, wakasema huyu wa Dar kaja na uso wa kuazima. Niliona wana haki.

Bosi, Kishor, kaniambia nipumzike wiki nyingine. Nipumzikie wapi? Chumba kina vitanda viwili.

Imeli zimejaa. Moja ya Marek wa Polandi, anayepokea marekebisho yetu ya programu: kile kiraka chako, kimepimwa? Ilibidi nikae nikikumbuke chote tangu mwanzo, kama somo la mtu mwingine. Kwenye kernel — kile kiini cha mfumo kinachosemeshana na vyuma vya kompyuta — kuna kipande kidogo chenye jina langu. Mfumo ni wa bure, yeyote duniani anaufungua na kuurekebisha, ila kila kipande kina mtunzaji wake. Changu ni draiva, programu inayoziendesha zile kadi za mtandao za bei ya chini zilizokuja na makontena ya Dubai. Mjerumani aliyeiandika alichoka nayo. Mimi nilikuwa namsumbua kwa maswali, basi akaniachia.

Kadi hizo zina ugonjwa mmoja. Umeme ukikatika na kurudi, hata kompyuta ikibaki hai kwa betri ya dharura, zinanyamaza mpaka izimwe na kuwashwa upya. Kiraka changu, mistari michache ya kurekebisha draiva, kinaziamsha zenyewe. Karakana kwetu kuna jenereta, hapapimiki kitu, kwa hiyo nilikifunga kwa wateja wawili: Mzee Mgeni wa vipuri vya magari kule Gerezani, na Sitara mwenye kafe ya intaneti Upanga. Kesho yake Agnesi akaanguka na presha.

Nimemjibu Marek: nipe siku mbili.


Jumatano, 8 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri kanikumbusha kuwa mimi ni mavumbi. Sawa.

Gerezani. Shikamoo, Mzee Mgeni. Marahaba mwanangu, pole sana. Kanipa kiti, kanipa soda, kamwambia mteja asubiri. Nikamuuliza mtandao unaendaje umeme ukikatika. Akasema haina shida. Kabisa? Kabisa, mwanangu, wewe shughulikia huzuni yako. Sikuomba kuiona mashine. Nilikunywa soda mpaka ikaisha.

Upanga vile vile. Sitara alinishika mkono muda mrefu, akasema haina shida dada Ritha, mambo yote mazuri. Nilikuwa natazama pete zake.

Jioni nikamwandikia Marek maelezo. Anataka mambo matatu kwa kila kiraka: nini kimebadilika, kwa nini, na nani kapima. Wengine wanaandika mstari mmoja na kukimbia. Mimi huandika vizuri, kwa sababu kuna mtu atakuja kuyasoma baada ya miaka mitano, amekwama, na hanijui. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyokuwa naipenda. Leo nimeiandika kama navunja kuni. Mwisho nikaweka: kimepimwa sehemu mbili zenye umeme wa kusuasua, kwa majuma matatu, hakuna tatizo. Na majina ya Mzee Mgeni na Sitara.


Ijumaa, 10 Machi

Mkate na chai. Kitanda cha Agnesi nimekipangia makasha ya kompyuta ili kisikae kitupu. Sasa kimejaa makasha.


Jumanne, 14 Machi

Marek kakipokea. Toleo jipya la kernel linatoka Jumapili usiku, na kiraka changu kimo ndani. Atakayelichukua toleo hilo, popote alipo, akiwa na kadi kama zile, atakuwa anaendesha mistari niliyoiandika mimi mezani kwa Kishor.

Kishor kafurahi kuliko mimi. Kampigia simu mkewe, Kamla, sambusa zikaletwa sahani nzima. Akasema Ritha, jina lako linazunguka dunia. Nikasema asante bosi. Beno, fundi mwenzangu, aliuma sambusa mara moja akaiweka chini. Akaenda kutafuta bisibisi. Ilikuwa mfukoni mwake, mpini unaonekana. Niliona, wala sikujali.

Agnesi angeuliza wanalipa kiasi gani. Halipi mtu, ningemwambia. Angesema basi hiyo ni kazi ya kanisa.


Alhamisi, 16 Machi

Idd. Kariakoo imefungwa, unasikia hata ndala zako. Mzee Mgeni katuma mtu na bakuli la pilau, nyama juu tele. Nimekula nimesimama. Nadhani ilikuwa tamu.


Ijumaa, 17 Machi

Leo nina mengi.

Nilikwenda kurudisha bakuli. Huwezi kulirudisha tupu, nikaweka machungwa. Mzee alikuwa hajatoka msikitini. Kaunta ameshika mkewe, Sofia. Tukasalimiana vizuri. Nikakaa kungoja.

Nikamwona Sofia anatoa diski ya flopi kwenye kompyuta ya mbele, anakwenda nayo stoo kwenye kompyuta ya nyuma, anarudi. Mteja mwingine, tena flopi, tena stoo. Mtandao niliwafungia ili waache hayo. Nikainama kutazama nyuma ya mashine. Kebo haipo. Ipo ukutani — imekunjwa vizuri, imetundikwa msumarini pembeni ya kalenda. Ina vumbi.

Nikamuuliza Sofia kebo imetundikwa tangu lini. Akaanza kuyapanga machungwa.

Mzee akaingia na kofia yake. Akanitazama, akaitazama kebo, akakaa.

"Tangu siku ile uliyofunga," akasema. "Umeme ukirudi, mashine yote inaganda. Zamani ilikuwa inanyamaza kadi tu. Sasa ni mashine nzima."

"Mzee, mimi nilikuuliza. Ukasema haina shida."

"Ningekuambiaje, mwanangu? Umetoka kuzika. Nikwambie na kazi yako imeharibika?"

Nikauliza nani mwingine anajua. Akasema Beno. Beno ndiye aliyekuja kuirudisha mashine kwenye kernel ya zamani, ila wao walishaogopa, kebo hawakuichomeka tena.

Karakana nikamshika Beno mlangoni. Hakubisha. Alikwenda Gerezani, akaenda na Upanga, kote alirudisha ya zamani nikiwa bado Songea. "Tulikubaliana, sista," akasema. "Tulisema akae sawa kwanza, tutamwambia." Sitara anajua. Fundi redio anajua! Kishor tu ndiye ambaye hakuambiwa, kwa sababu angesema.

Kwa hiyo kiraka hakijapimwa na mtu. Walichokipima kiliwagandia siku ya kwanza, wakakitoa. Na mimi nimeiandikia dunia kwamba majuma matatu, hakuna tatizo. Jumapili usiku kinatoka. Wenye umeme mzuri hawataona kitu. Wenye umeme kama wetu mashine zitawagandia na kazi zao ndani, na wakifungua maelezo watakuta nimewahakikishia kwa maandishi.

Nimekasirika. Ni kitu cha kwanza nilichohisi tangu Februari, na hata hicho kilikuja polepole, kama kipo chumba cha jirani. Nilikuwa na hasira na Beno, halafu na Mzee, halafu nikakumbuka nilivyokunywa ile soda mpaka mwisho bila kwenda kutazama. Nilitaka kuambiwa haina shida.

Simu ya karakana imekufa. Nikaenda kwa Sitara, akanipa mashine ya pembeni, macho chini. Nikamwandikia Marek: kitoe, majina yale mawili hayakupima. Akitaka kujua kwa nini niliyaweka, sijui nitamwandikia nini. Kwa Kiingereza unasemaje kwamba mtaa mzima ulikuonea huruma?


Jumamosi, 18 Machi

Naandika kaunta kwa Mzee Mgeni. Umeme umekatika, mgao, tunangoja.

Marek alijibu usiku. Si rahisi. Mbrazili mmoja kamwandikia kwamba kwake kiraka kinakwenda safi, anashukuru. Mwingine keshajenga kazi yake juu ya changu. Hawezi kukitoa kwa neno langu tu, hasa baada ya neno langu la kwanza. Hilo la mwisho hakulisema, nimelisema mimi. Anataka sababu: nini hasa kinatokea, hatua kwa hatua, mbele ya macho ya mtu, na huyo mtu ni nani. Kesho mchana iwe imemfikia. Isipomfikia, kinabaki ndani.

Asubuhi nikaja na Beno. Nikamwomba Mzee aniruhusu kurudisha kiraka kibovu kwenye mashine yake. Mtu gani anaomba hivyo? Alifikiri, akasema nihamishe kwanza mauzo yake kwenye flopi. Nikahamisha. Tukaifunga kernel mpya, Sofia akaitoa kebo msumarini, akaipangusa kwa kanga, nikachomeka. Ikaenda. Sofia akatuma bei ya beringi kutoka stoo ikaonekana mbele, wakatazamana kama watu waliopata maji.

Ikabidi tukate umeme. Kompyuta ya mbele ina kale kabetri ka dharura, inakaa hai wakati ya stoo na kila kitu kingine kimezima. Sofia akashusha swichi kubwa. Tukakaa kidogo. Akapandisha.

Saa iliyo pembeni ya skrini ikasimama. Nikabonyeza vitufe. Hakuna kitu.

Mzee akaanza: "Labda ni umeme wenyewe, mwanangu, labda —"

"Mzee, niache," nikamwambia. "Usinionee huruma. Niambie kama unavyomwambia aliyekuuzia beringi feki."

Beno akatazama mlango. Kisha Mzee akavua miwani.

"Imeganda," akasema. "Na mara ile ya kwanza iliganda hivi hivi na mauzo ya siku nzima ndani, yakapotea yote. Sofia alilia. Mteja wangu wa Morogoro alipelekewa ekseli mbili, akalipa moja. Na nilikutukana, Ritha. Hukuwepo, lakini nilikutukana sana."

Nikacheka. Sikutarajia. Nilicheka mpaka Beno akanisogezea kiti, na machozi yalitoka — ya kicheko, nadhani. Kifua kiliniuma kweli kweli, mahali pale pale kilipokuwa kimekufa ganzi. Nikamwambia Mzee arudie, polepole, niandike.

Tukafanya tena. Ikaganda. Tukafanya na kadi nyingine. Ikaganda. Nimeshaona na kosa liko wapi: draiva inaiita kadi, kadi bado haijaamka, draiva inaita tena na tena na haimwachii mtu mwingine nafasi ya kufanya kazi. Kwa Mbrazili kadi inaamka upesi, hawezi kuiona. Nimeandika yote. Kilichobadilika, kwa nini kinatolewa, nani kapima. Nimeweka Mgeni, muuza vipuri, Gerezani, Dar es Salaam, na safari hii amesomewa yote, Sofia akimtafsiria, akasema sawa, weka.

Tulipotaka kufanya mara ya mwisho, umeme ukakatika wenyewe. Beno nimemtuma Upanga na barua ya kwenda kwa Marek kwenye flopi, Sitara aitume kutoka kafe kwake kukiwa na umeme. Mimi nimebaki nimsafishie Mzee mashine yake, nimrudishie ya zamani.

Mzee akaniuliza kama nimepata yote niliyotaka. Nikasema yote, Mzee, na kama kuna jingine mlinificha, niambie leo leo.

Akamtazama Sofia. Sofia akaacha kuhesabu skrubu.

"Lipo," Mzee akasema. "Si la mashine. La Agnesi. Alitukataza tusikwambie."

Nimemwambia anisubiri, namalizia kuandika haya ya mashine kwanza. Kakubali. Amevuta kigoda, amekaa upande wa pili wa kaunta, miwani mkononi, anatazama kalamu yangu.

Ya mashine niliyamaliza kabla hajakaa.